Sura za Vijana Magazetini

Msomaji, ukitaka kujua gazeti lamheshimu nani, usianze kwa kusoma maneno yake. Maneno hupambwa. Lifunue taratibu toka jalada la mbele hata la nyuma, utazame picha tu, kisha ujiulize maswali mawili: nani yumo, na nani hayumo? Swali la kwanza ni jepesi, kwa maana jibu lake liko mbele ya macho. La pili ni gumu, kwa kuwa asiyekuwamo haachi alama ukurasani. Mtu aweza kusoma gazeti miaka kumi asigundue kuwa halina mtu wa rangi yake, wala wa umbo lake, wala wa dini yake. Katika insha hii nataka tufuatane kuyatazama magazeti ya mitindo ya mavazi yanayoandikwa kwa ajili ya vijana, tuone jinsi mlango wake ulivyokuwa mwembamba, jinsi ulivyopanuka, na ni akina nani walioupanua. Huenda ukadhani ni jambo dogo, la nguo na viatu. Mimi silioni dogo, na sababu yangu utaipata mbele kidogo.

Tuanze Marekani, kwa kuwa huko ndiko gazeti la namna hii lilikopata umbo lake. Mwezi wa Septemba 1944, vita vikuu vya pili vikiwa bado vinapiganwa, mwanamke aitwaye Helen Valentine alitoa mjini New York toleo la kwanza la Seventeen, jina lenye maana ya umri wa miaka kumi na saba. Nakala 400,000 zilichapwa, zikaisha kwa siku chache. Kabla ya hapo msichana wa umri huo alihesabiwa ama mtoto mkubwa ama mwanamke mdogo. Hakuwa na gazeti lake mwenyewe. Wenye gazeti walifanya uchunguzi juu ya wasomaji wao, wakaunda msichana wa mfano, wakampa jina la Teena, wakampeleka kwa wenye viwanda na maduka kama mchuuzi aonyeshavyo kipande cha kitambaa. Teena alikuwa na miaka 16, alitoka katika nyumba yenye pato la kadiri, na alipenda kuvaa walivyovaa wenziwe. Hapana aliyehitaji kusema kuwa alikuwa mweupe. Lilijulikana.

Hapo ipo siri ya biashara hii, nami naomba uishike vema. Gazeti la mitindo haliishi kwa bei unayolipa wewe mnunuzi. Laishi zaidi kwa fedha za watangazaji wa nguo, sabuni, manukato na rangi za uso. Basi mhariri ana mabwana wawili: kijana anayelisoma gazeti na tajiri anayeligharimia. Tajiri akiamini kuwa sura fulani haiuzi sabuni, sura hiyo haipati ukurasa. Si lazima pawepo chuki. Hesabu peke yake yatosha.

Walakini walioachwa nje hawakukaa kitako. Novemba 1945, mwaka mmoja na kitu baada ya Seventeen, John H. Johnson alianzisha mjini Chicago gazeti la Ebony kwa ajili ya Wamarekani weusi, na mkewe Eunice akasimamia maonyesho ya mavazi yaliyozunguka mji hata mji kuanzia 1958. Huku Afrika, gazeti la Drum lililozaliwa Afrika Kusini mwaka 1951 lilipata baadaye toleo lake la Afrika Mashariki, na vijana wetu wakaona jaladani wasichana waliofanana na dada zao. Lakini tazama ajabu ya mambo. Ndani ya magazeti yale yale yaliyomsifu mtu mweusi yalikuwamo matangazo ya mafuta ya kung'arisha ngozi. Ukurasa mmoja ulimwambia msichana kuwa ni mzuri. Ukurasa uliofuata ulimwuzia dawa ya kuacha kuwa alivyo.

Dawa hiyo naijua. Nilisoma shule ya bweni ya wasichana, na magazeti ya mitindo yalikatazwa pale. Kwa hiyo yalisomwa sana. Yalitoka ng'ambo, yakauzwa kwa mkono wa pili kandokando ya barabara za Nairobi, yakaingizwa shuleni katikati ya vitabu vya hesabu, yakapita kitanda hata kitanda mpaka kurasa zikalegea kama kitambaa kikuukuu. Mwenzangu mmoja, ambaye kitanda chake kilikuwa karibu na changu, alikuwa mweusi wa mpingo, hodari wa fizikia, mwenye kicheko kilichosikika hata nyumbani kwa mkuu wa shule. Muhula mmoja alirudi kutoka likizo na uso wa rangi mbili: mashavu yamekuwa mekundu kama ya mtu aliyebabuka kwa moto, na masikio yamebaki vile vile. Hakucheka sana muhula ule. Hakuna mtu aliyepata kumwambia kuwa hapendezi; nakuapia, msomaji, hakuna. Alichokuwa amefanya ni kufunua, kwa miezi mingi, kurasa ambazo yeye hayumo.

Basi nirudi kwenye majalada. Jalada ni kama kiti cha mbele katika baraza: anayeketi hapo huonekana na watu wote, hata wale wasionunua. Machi 1966 Vogue la Uingereza lilimweka hapo Donyale Luna, msichana mweusi kutoka Marekani, wa kwanza katika gazeti hilo. Lakini mkono wake umefunika sehemu kubwa ya uso, na vidole viwili vimeachana kulizunguka jicho moja. Wengine husema ni ustadi wa mpiga picha. Wengine huona kwamba wenye gazeti walitaka sifa ya kumwalika mgeni pasipo kumwonyesha sana. Mimi naegemea kwa hawa wa pili.

Agosti 1968, miezi minne baada ya kuuawa kwa Martin Luther King, gazeti la Glamour la wanawake vijana lilimweka jaladani Katiti Kironde, mwanafunzi wa Harvard mwenye asili ya Uganda. Hakuwa mwanamitindo wa kazi. Alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa kike waliochaguliwa kwa uvaaji wao mzuri. Huhesabiwa kuwa mwanamke mweusi wa kwanza juu ya jalada la gazeti kubwa la wanawake nchini Marekani. Uso wake ulionekana wote. Vogue la Marekani lilingoja hata Agosti 1974, lilipomweka Beverly Johnson, na Seventeen la Novemba 1981 lilikuwa na kijana Whitney Houston, kabla dunia haijaijua sauti yake.

Pana jambo jingine ambalo watu wengi hawalijui, nalo latoka katika ufundi wa picha wenyewe. Ukifikiri kuwa kamera haina upendeleo, sikiliza. Filamu za rangi za karne ya 20 zilisawazishwa kwa kufuata ngozi nyeupe. Kampuni ya Kodak iliwapelekea wasafishaji wa picha kadi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, na kadi za namna hiyo zikaitwa Shirley. Rangi ya Shirley ikitoka sawa, mashine ilihesabiwa kuwa sawa. Mtu mweusi akipigwa picha pamoja na mweupe, mweupe alitoka na sura yake kamili, na mweusi alitoka macho na meno. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, aliwauliza wakuu wa zamani wa kampuni hiyo ni nini kilichowafanya waibadili filamu. Wakamweleza kuwa malalamiko yaliyowasukuma yalitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao. Hao walitaka chokoleti nyeusi itofautiane na ile ya maziwa, na mbao za namna mbalimbali zipambanuke katika matangazo yao. Habari hiyo nimeisoma mara tatu. Kila mara naanza kwa kucheka, kisha kicheko chakatika.

Na kama filamu ilivyokuwa, ndivyo zilivyokuwa rangi za uso. Wasichana wa maonyesho ya Ebony walilazimika kuchanganya rangi wenyewe hata wapate inayolingana na ngozi zao. Ndiyo sababu Eunice Johnson na mumewe walianza kuuza vipodozi vyao mwaka 1973. Iman naye alikutana na shida hiyo hiyo. Yeye ni Msomali, binti wa balozi, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi alipoonwa barabarani na mpiga picha wa Kimarekani, Peter Beard, mwaka 1975. Amesimulia kwamba siku ya kazi yake ya kwanza kwa Vogue, mpambaji alimwuliza kama amekuja na rangi yake mwenyewe ya uso, kwa kuwa yeye hakuwa nayo ya kumfaa. Mwaka 1994 Iman alianzisha kampuni yake ya vipodozi.

Lakini habari ya Iman ina sehemu nyingine, na kwangu mimi ndiyo yenye uzito zaidi. Beard aliwasimulia waandishi wa Marekani kuwa amemkuta nyikani akichunga mifugo, msichana wa jangwani asiyejua Kiingereza. Yote hayo ni uongo. Iman alikuwa mtu wa mjini aliyesoma, na alijua lugha tano. Fikiri, msomaji: picha ilikuwa yake, uso ulikuwa wake, lakini hadithi iliyoandikwa chini ya picha ilikuwa ya mtu mwingine. Kuonekana ni hatua ya kwanza. Kuwa na neno juu ya jinsi utakavyoonekana ni hatua ya pili, na baina ya hatua hizo mbili pana safari ndefu.

Nusu ya safari hiyo imefanywa na wasomaji wenyewe, wengine wakiwa na umri wako. Mwaka 2012 msichana wa miaka 14 kutoka jimbo la Maine alichoshwa na kusikia wenzake wakijidharau kwa kuwa hawafanani na wasichana wa Seventeen. Alijua kuwa hata wasichana wa Seventeen hawakufanana na picha zao. Kompyuta ilikuwa imepunguza kiuno hapa na kufuta chunusi pale. Akaandika ombi: kila mwezi gazeti litoe walau mfululizo mmoja wa picha ambazo hazikurekebishwa. Watu zaidi ya 80,000 walitia saini. Katika toleo la Agosti mwaka ule gazeti lilitoa ahadi kwamba halitabadili umbo la mwili wala la uso wa msichana yeyote. Ahadi za wafanyabiashara huhitaji kuangaliwa, sikatai. Walakini angalia njia aliyoipita: hakulichoma gazeti wala hakulitupa, alilisoma kwa makini kuliko walivyolisoma wenyewe.

Sasa njoo nyumbani, katika kaunti ya Turkana, penye kambi ya wakimbizi ya Kakuma iliyofunguliwa mwaka 1992. Halima Aden alizaliwa humo mwaka 1997, wazazi wake wakiwa Wasomali. Akahamia Marekani angali mtoto. Adut Akech wa Sudan Kusini alilelewa humo, kisha familia yake ikaenda Australia. Mei 2018 Vogue la Uingereza lilitoa jalada lenye wasichana tisa wa rangi na maumbo mbalimbali, na kati ya hao tisa, wawili walikuwa watoto wa Kakuma. Halima alikuwa amevaa hijabu yake, wa kwanza kuivaa jaladani pa gazeti hilo. Watoto waliopanga foleni ya maji katika vumbi la Turkana wakaketi katika kiti cha mbele kabisa. Mimi si mtu wa kushangilia magazeti ya matajiri, lakini siku ile nililichukua jalada lile nikawaonyesha wanafunzi wangu.

Miezi mitatu tu baadaye, Agosti 2018, gazeti moja la Australia lilifanya mazungumzo na Adut. Katika mazungumzo hayo alieleza jinsi wakimbizi na watu weusi wanavyotazamwa. Gazeti lilipotoka, maneno yalikuwa yake, lakini picha kubwa ilikuwa ya msichana mweusi mwingine. Mkusanye Iman na Adut, uone. Huyo wa kwanza alipewa picha akanyang'anywa maneno. Huyu wa pili aliachiwa maneno akanyang'anywa picha. Wenye gazeti waliomba radhi. Adut alisema, na ndiyo haki yake, kwamba kosa kama hilo lisingempata mwanamitindo mweupe.

Na Halima je? Mwaka 2019 alipigwa picha ufukoni Watamu, katika nchi aliyozaliwa, kwa ajili ya toleo la mavazi ya kuogelea la Sports Illustrated, mwili wote umesitiriwa. Watu wengi walifurahi. Kisha Novemba 2020 akaiacha kazi ya uanamitindo. Alieleza kwamba hijabu yake ilikuwa imegeuzwa kidogo kidogo kwa matakwa ya wapambaji, hata safari nyingine akafungwa kichwani suruali badala ya mtandio, na kwamba alikuwa amekosa sala kwa ajili ya kazi. Mlango ulikuwa umefunguliwa, lakini aliyeingia alitakiwa aache kitu kizingitini. Yeye alikataa kukiacha, akatoka. Baadhi ya wanafunzi wangu husema alifanya vibaya kuacha nafasi ambayo wengine waitamani. Wengine husema huo ndio ushujaa. Nimewaacha wabishane, ingawa wanajua niko upande gani.

Kwa hiyo, unapohesabu nani yumo katika picha, hesabu pia nani yuko nyuma ya kamera na nani ameketi kwenye meza ya mhariri. Gazeti la i-D lilianzishwa London mwaka 1980 na Terry Jones, likiwa kurasa chache zilizobanwa kwa pini, na ndani yake vijana wa barabarani wamesimamishwa ukutani wakapigwa picha na nguo zao wenyewe. Katika gazeti hilo Edward Enninful, mzaliwa wa Ghana, alipewa cheo cha kusimamia mitindo akiwa na miaka 18 tu. Mwaka 2017 akawa mhariri wa Vogue la Uingereza, na lile jalada la wasichana tisa lilitoka mikononi mwake. Mei 2023 alitoa majalada ya watu wenye ulemavu, na toleo hilo likatolewa pia kwa maandishi ya breli. Katika Marekani, Vogue lilianza mwaka 1892. Mpiga picha mweusi wa kwanza kupiga picha ya jalada lake alikuwa Tyler Mitchell, mwezi wa Septemba 2018, naye alikuwa kijana wa miaka 23. Ni miaka 126. Bibi yangu angesema kuwa hata kobe angelikuwa amefika na kurudi.

Usidhani lakini kwamba njia hii ni ya kupanda tu. Teen Vogue lilianza mwaka 2003, na chini ya Elaine Welteroth, mwanamke mweusi aliyeshika uhariri mwaka 2016, lilijulikana kwa kuwaandikia vijana habari za haki na siasa pamoja na za viatu. Mwishoni mwa 2017 likaacha kuchapwa kwenye karatasi. Novemba 2025 wenye nalo wakaliingiza ndani ya tovuti ya Vogue, na baadhi ya wafanyakazi wake wakaachishwa kazi. Kumbuka yule bwana wa pili wa mhariri, anayegharimia. Akifunga mfuko, hata gazeti lenye nia njema hufungwa, na sura zilizokwisha kuingia hutoka pamoja na meza na viti.

Ndiyo maana nayapenda zaidi magazeti ambayo hayana tajiri. Katika shule ninayofundisha sasa, wanafunzi wa Kidato cha Tatu hutoa gazeti la ukutani kila muhula, nalo lina ukurasa wa mitindo. Utaniuliza ni mitindo gani, ilhali wote wamevaa sweta moja la kijani. Nami nakuambia: angalia jinsi mia mbili wanavyolivaa sweta moja, ndipo utajua mitindo ni nini.

Muhula uliopita walitaka kumweka mbele msichana mwenzao mwenye ualbino. Walikuwa wamesoma habari za Thando Hopa, wakili wa Afrika Kusini mwenye ualbino, aliyetokea juu ya jalada la Vogue la Ureno mwezi wa Aprili 2019. Nia yao ilikuwa njema kabisa. Yule msichana hakukubali wala hakukataa, aliuliza tu, "Chini ya picha mtaandika nini?" Wakamwonyesha walichokuwa wameandaa: maneno marefu ya kusifu uvumilivu wake na kuwataka watu wasibague. Akayasoma mpaka mwisho, akayarudisha. Akasema, "Mimi nataka mwandike habari za kofia."

Kofia yenyewe ni ya pama, ameishona kwa mikono yake ili ajikinge na jua, na nje ameifunika kwa kipande cha leso ya mama yake. Walibishana siku mbili. Mhariri wao, mvulana mwenye maneno mengi, aliona kuwa habari za kofia ni nyepesi mno kwa jalada. Mwishowe walipiga kura, kofia ikashinda kwa kura tatu. Picha ikabandikwa ukutani Jumatatu asubuhi, yeye akitazama mbele, kidevu juu, na chini yake maneno aliyoyaandika mwenyewe: "Kofia ya pama. Ukingo sentimita 12. Leso moja yatosha kofia mbili. Anayetaka kipimo aje darasani wakati wa mapumziko, aje na kalamu yake."

Kufikia Ijumaa walikuwa wamekwenda wasichana saba, na yule mhariri.